Salama kwa Watoto

Wanafunzi wangu wananiita Mama Tindikali, na wanadhani sijui. Jina lenyewe silichukii, maana nimelitolea jasho. Katika maabara yangu hakuna chombo kinachotumika kabla hakijalala kwenye beseni la tindikali usiku kucha, kikasuuzwa kwa maji safi, kikakaushwa kikiwa kimefunikwa. Chupa, bomba, kijiko, kifuniko, vyote. Anayepima madini ya risasi hana budi kuwa na kichaa cha usafi, kwa sababu risasi iko kila mahali: kwenye vumbi, kwenye rangi ya ukuta, kwenye mikono yako mwenyewe. Ukizubaa utaipima mikono yako, kisha uandike kwamba maji ya bomba ndiyo mabaya. Kwa hiyo nimebandika amri ukutani kwa herufi kubwa: KILA CHOMBO KILOWEKWE. Nimewahi kumtoa mtu maabara kwa ajili ya kifuniko kimoja alichokiruka, na sijuti.

Naanza na haya ili mjue kwamba yaliyotupata hayakutokana na uvivu. Wavivu wana bahati zao. Sisi tuliponzwa na bidii.

Kampuni ya vyombo vya nyumbani ilikuja wakati mashine yetu ya kupimia madini imekata roho. Tulikuwa tumeomba nyingine kwa kila mlango unaobishwa, na kila mlango ukatujibu kwamba maombi yetu yanafanyiwa kazi. Mkuu wa Kitivo, ambaye aliwahi kunifundisha na bado ananisemesha kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaniita ofisini kwake. "Mkono mtupu haulambwi," akaniambia. Wetu ulikuwa mtupu hadi kwenye kiwiko, na mimi nikatia sahihi mkataba siku ileile.

Wakatuletea mashine mpya. Wakaleta kiyoyozi, wakapaka rangi kuta, wakakubali kumgharamia mwanafunzi wangu wa shahada ya udaktari hadi amalize. Madirisha wakayapiga skrubu yasifunguke, ili vumbi lisiingie kuiharibu mashine, jambo ambalo mimi mwenyewe nililipigia makofi. Mlango ukawa wa kufunguliwa kwa kadi, na kadi ina nembo ya kampuni upande mmoja na sura yangu upande wa pili. Siku za mwanzo nilikuwa napita koridoni nikiining'iniza shingoni kama bibi harusi na mkufu wake.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kampuni ilikuwa imetoa vikombe vya kauri vya watoto, vya njano, vyekundu na vya kijani, vinang'aa hadi mtu mzima anatamani kunywea. Rangi za kung'aa namna hiyo wakati mwingine huwa na risasi, na kinywaji chenye uchachu, kama juisi ya machungwa, huitoa rangini taratibu. Risasi haimpi mtoto homa wala haimuumizi tumbo siku hiyo. Inampunguzia akili kidogo kidogo, na mzazi anakuja kugundua miaka ya mbele kwamba mwanawe hashiki anachofundishwa, anaanza kumchapa. Kampuni ilitaka tuseme kama vikombe vyao vina balaa hilo.

Tukapima. Havikuwa na kitu. Mstari wa mashine ulilala chini umenyooka, kikombe baada ya kikombe, na mimi nikaandika ripoti safi kabisa.

Walifurahi. Walifanya sherehe ndogo, wakatupiga picha, na haikupita muda maboksi yakatoka kiwandani yameandikwa SALAMA KWA WATOTO, na chini yake kwa herufi ndogo, "Imethibitishwa na maabara ya chuo kikuu", halafu jina langu na cheo changu. Sitaki kudanganya mtu, nilivimba kichwa. Nilinunua boksi moja nikaliweka juu ya kabati sebuleni, mgeni akiingia alione.

Dada yangu naye alivimba zaidi yangu. Ana shule ya chekechea, aliyoianzisha kwa vyumba viwili na moyo mkubwa, na hapo alikuwa anawahimiza wazazi wachange wapate vyombo vipya. Aliwaonyesha boksi, akaweka kidole juu ya jina langu. "Huyu nimembeba mgongoni," akawaambia. "Akisema salama, ni salama." Wazazi wakachanga, na kila mtoto akapata kikombe chake.

Halafu ikaja asubuhi moja ya kawaida kabisa. Kampuni ilikuwa imeleta mzigo mwingine wa vikombe, awamu ya pili ya mradi. Nilikuwa nimeketi pembeni nasahihisha mitihani. Mwanafunzi wangu wa udaktari, mwanamke mtu mzima mwenye watoto wawili, ambaye wenzake walimpa jina la Msafi kwa sababu ndiye pekee niliyekuwa sijawahi kumgombeza, akavaa glovu, akafungua maboksi, akabandua lebo. Kisha akaanza kutumbukiza vikombe kwenye beseni la tindikali, kimoja kimoja, kwa upole, utadhani anaogesha kichanga.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Naviloweka, Dokta."

"Hivyo si ndivyo vya kupimwa?"

"Ndivyo." Akatazama ukutani, kwenye amri yangu, kisha akanitazama mimi. "Si ni vyombo, Dokta?"

Kalamu nyekundu ilinidondoka. "Na vile vya kwanza?"

"Vyote. Usiku kucha, kama unavyotaka." Alikuwa anajivunia. Kisha akaona uso wangu, na glovu zikabaki zinachuruzika tindikali sakafuni.

Chupa ya maabara inalowekwa kwenye tindikali ili isilete uchafu wake kwenye kipimo. Lakini kikombe kinachopimwa hakileti uchafu kwenye kipimo, uchafu wake ndio kipimo chenyewe. Tulichukua vikombe vya kampuni, tukavilaza kwenye tindikali usiku mzima, ikafyonza kwa usiku mmoja risasi ambayo juisi ya mtoto ingeifyonza kwa miezi, asubuhi tukaimwaga kwenye sinki, halafu tukapima kilichobaki na kushangilia kwamba hakuna kitu. Ni kama polisi wafue shati la mtuhumiwa vizuri, walipige pasi, ndipo waanze kutafuta damu. Maabara chafu ya watu wazembe ingeuona ukweli siku ya kwanza. Kosa lile lingeweza kufanywa na watu wa aina yetu tu.

Tukarudia. Safari hii tulichukua vikombe moja kwa moja kutoka kwenye boksi, tukaviosha kwa maji na sabuni kama afanyavyo mama yeyote nyumbani, tukavijaza siki iliyochanganywa na maji, vingine tukavijaza juisi ya machungwa, tukaviacha hadi kesho yake. Mashine ilipoanza kuchora, mstari ulipanda. Vyekundu vibaya, vya njano vibaya zaidi, mara nyingi kuliko kiwango kinachoruhusiwa. Nilisimamisha kazi, nikabadilisha maji, nikaosha mabomba, nikapima upya mwenyewe kwa mkono wangu. Nilikuwa naomba liwe kosa. Halikuwa kosa.

"Dokta," Msafi akasema, "tasnifu yangu imeshachapwa."

Mle ndani mlikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya machungwa, na nikatamani sana kufungua dirisha.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa dada. Mkataba ulisema matokeo ni mali ya mfadhili na asiambiwe mtu yeyote bila kibali cha maandishi. Niliusoma upya nikiwa nimekaa ofisini kwake, kisha nikaukunja nikamwambia kila kitu. Dada hakuuliza maswali mengi. Alisimama akatoka, akawaambia walimu wake wakusanye vikombe vyote, akavifungia stoo na ufunguo akautia kwenye sidiria.

"Nitawaambia nini wazazi?" akaniuliza.

"Nipe siku chache, dada. Nikipata kibali nitakuandikia karatasi."

"Nakupa. Lakini mdogo wangu, mchuma janga hula na wa kwao. Usichelewe."

Mkuu wa Kitivo alinisikiliza hadi mwisho, na ni haki niseme kwamba alisikitika kweli. Alivua miwani akafuta macho. "Hakuna aliyekukataza kusema," akaniambia. "Ni utaratibu tu. Andika ombi, litakwenda kwenye kamati ya mradi, kamati itakaa."

"Kwenye kamati kuna mtu wa kampuni."

"Lazima awepo. Ndio wafadhili."

"Na watoto wanaonywea vikombe wakati kamati inangojwa ikae?"

Akavaa miwani. "Binti yangu, una mashine pale. Una wanafunzi wanaotegemea ile mashine. Kuna mtu pale anakaribia kupata udaktari wake. Funika kombe mwanaharamu apite, tukimaliza mradi tutaangalia namna."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka, kwa sababu hakuna aliyenifanyia ubaya. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi kuliko yote. Ningepata wa kunitukana ningemtukana. Wote walikuwa waungwana, wote walinipisha kwenye milango, na kila mlango nilioupita ulifunguka kwenye chumba kingine chenye viti vizuri na mtu wa kuniambia ningoje.

Mtu wa kampuni nilimpachika jina la Bwana Tabasamu siku ya kwanza nilipomwona, na hakuwahi kuniangusha. Alikuja maabara amebeba keki. Nikamweleza habari ya tindikali, akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa jirani.

"Dokta, mimi si mtaalamu," akasema, "lakini nimeelewa kwamba tindikali inaitoa yote?"

"Sehemu kubwa."

"Basi si tuwaambie wateja waviloweke kwenye siki kabla ya kutumia? Tutaandika chini ya boksi."

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka, alitabasamu tu, na nikaona kwamba anaandika.

"Siki ya jikoni haitoshi," nikamwambia. "Na hiyo siki yenye risasi watakayoimwaga, na mwanamke anayeingiza mkono wake humo? Viondoeni sokoni."

"Hatuwezi kuamua jambo kubwa hivyo kwa kipimo ambacho hakiko kwenye mpango wa mradi. Ripoti tuliyonayo ni yako, Dokta. Ina sahihi yako. Sisi tunaiheshimu sana." Akakata keki, akampa Msafi kipande kikubwa.

Kamati ilipangiwa siku, ikaahirishwa kwa sababu mjumbe amesafiri. Ikapangiwa nyingine, ikaahirishwa kwa sababu ajenda ni ndefu. Nikaliandikia jarida la kisayansi lililochapisha matokeo ya kwanza. Wakanijibu kwamba marekebisho yatapokelewa kwa furaha yakiambatana na ridhaa ya mwenye matokeo. Nikaiandikia ofisi ya viwango, nikiwa nimekwisha kujitoa mhanga, maana barua ile peke yake ilitosha kunifikisha mahakamani. Nilikaa nikingoja nishtakiwe, na moyoni nikitaka hata hilo litokee. Mahakamani angalau mtu anaulizwa maswali na majibu yake yanaandikwa. Walinijibu kwa heshima zote kwamba suala la vikombe hivyo limekwisha kushughulikiwa na wataalamu, na ili nisiwe na wasiwasi wakaniambatanishia ushahidi. Ulikuwa ripoti yangu.

Niliisoma ile barua nikiwa nimesimama, nikacheka peke yangu hadi Msafi akaja mlangoni kutazama kama niko mzima. Nikamwonyesha. Hakucheka.

"Dokta, nataka nikwambie jambo usinikasirikie," akasema. "Mkuu amenipa msimamizi mwingine. Nitaitetea tasnifu kama ilivyo."

"Unajua si kweli."

"Najua. Wewe una cheo, ukianguka utaangukia mto. Mimi niliacha kazi ya kufundisha kuja hapa. Nikianguka naangukia sakafu, na watoto juu yangu." Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Na si wewe uliyeandika pale ukutani?"

Ningeweza kumjibu mambo mengi. Nilimwambia tu afunge mlango, kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kinapoteza baridi.

Kwa dada nako moto ulikuwa umewaka. Watoto hawana siri. Walikwenda nyumbani wakasema kwamba siku hizi wananywea vikopo vya zamani, vikombe vizuri Mwalimu amevificha. Wazazi waliochanga wakaanza kuuliza, kwanza kwa upole, baadaye kwa kejeli, hadi mmoja akatamka waziwazi kwamba huenda vimeuzwa. Dada yangu, ambaye hajawahi kula hata ndizi ya mtu, akaitwa mwizi katika kiwanja alichokifagia kwa mikono yake. Akaitisha kikao cha wazazi, akanipigia simu.

"Njoo useme mwenyewe," akaniambia. "Kibali au si kibali."

Nikamwambia nitakuja. Msiniulize nilipata wapi ujasiri, haukuwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka kungoja kwenye viti vizuri.

Asubuhi ya kikao, nikiwa navaa viatu, simu ikalia. Bwana Tabasamu. Sijui nani alimwambia, lakini mmoja wa wale wazazi ana duka, na dukani kwake vikombe hivyo vimepangwa mbele kabisa.

"Nasikia unakwenda kuzungumza na wazazi, Dokta."

"Ndiyo. Nishtakini."

"Tukushtaki kwa lipi?" Nilisikia tabasamu lake hadi kwenye sikio. "Nenda tu. Sisi tuna imani na wewe."

Kikao kilifanyika darasani. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni, na ukutani kulikuwa na picha za bata na tarakimu. Katika chumba cha pili watoto walikuwa wanaimba. Dada akafungua kikao, akawashukuru kwa kuacha kazi zao, kisha akanikaribisha, na safari hii hakusema kwamba amenibeba mgongoni.

Nilizungumza vizuri. Nimefundisha miaka mingi, najua mtu anapoelewa. Niliwaeleza habari ya beseni, nikawaeleza kosa letu bila kumtaja Msafi, nikawaeleza tulivyorudia na tulichokiona. Niliwaambia risasi inafanya nini kwenye kichwa cha mtoto. Nilipomaliza, kwa muda mfupi nikaamini kwamba imekwisha, kwamba watu hawa watasimama, watavunja vikombe, na mimi nitakwenda nyumbani kulala.

Fundi cherehani mmoja akanyoosha mkono, mtu mzima, mpole, mjukuu wake yuko pale.

"Dokta, samahani. Mimi nimesoma kidogo tu, kwa hiyo unisaidie. Kipimo kile cha kwanza alilipia nani?"

"Kampuni ya vikombe."

"Na ukasema ni salama."

"Nilisema."

"Haya. Na hiki cha pili, safari hii umelipwa na nani?"

"Hakuna aliyenilipa."

Wakatazamana. Mtu wa nyuma akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

"Chema chajiuza," akadakia mama mwenye duka. "Kazi nzuri ina mtu wa kuilipia. Hii ya bure ulimfanyia nani?"

"Niliwafanyia ninyi."

"Sisi hatujakutuma."

"Mimi naomba kuuliza," akasema kijana aliyekuwa amembeba mtoto begani. "Mashine uliyopimia hiyo mara ya pili ni ya nani?"

"Ya kampuni."

Hapo kicheko kikaenea darasa zima, na hata mimi, Mungu anisamehe, midomo ilitaka kucheka. Mtu mwingine akasema kwamba kuna kampuni ya vikombe vya plastiki inayohangaika kuuza, na kila mtu ana bei yake. Sikumwona uso. Mama mwenye duka akasimama, akatoa boksi kwenye kapu lake la ununuzi, akasoma kwa sauti: salama kwa watoto, jina langu, cheo changu. Akauliza kama huyo ni mimi au ni mwingine. Nikasema ni mimi. Akauliza kama ninayo karatasi yoyote inayosema vingine. Nikasema karatasi inahitaji kibali. Akaniuliza kibali kinatoka kwa nani, na nilipomjibu aliketi.

"Tusimkosee heshima Dokta," fundi cherehani akawanyamazisha wenzake. Kisha akanigeukia. "Lakini na wewe tuelewe. Tulikuamini ulipolipwa. Leo unasema yule aliyelipwa tusimwamini, tumwamini huyu ambaye hana karatasi. Na wote ni wewe. Sisi tufanye nini?"

Kila mwaka wanafunzi wapya wakiingia darasani kwangu, somo la kwanza ni hilo. Ukisoma utafiti wowote, nawaambia, uliza kwanza nani ameulipia. Uliza mwenye mashine ni nani. Uliza matokeo yako wapi nikayaone. Fundi cherehani aliuliza yote kwa mpangilio, kwa adabu, bila kukosea hata moja. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Nilisimama mbele ya picha za bata nikaona kwamba ningekuwa mimi nimeketi kwenye kile kiti kidogo, mimi pia nisingeniamini.

Wakapiga kura kwa mikono. Vikombe virudi.

Dada alinishika mkono tukatoka nje, akautoa ufunguo wa stoo.

"Mimi nakuamini," akasema.

"Basi wakatalie, dada. Shule ni yako."

"Shule ni ya wanaoleta watoto. Nikiwakatalia watawahamisha kesho, na kule watakakowapeleka wanatumia vikombe hivihivi." Akanitazama kwa macho yaliyokuwa yamejaa. "Nimewaambia nakuamini. Wameniambia, wewe si dada yake?"

Alikwenda akafungua stoo. Walimu wakavitoa vikombe, wakaviosha vizuri kwa maji na sabuni, wakavipanga kwenye meza ndefu kivulini mwa ukuta. Watoto wakatolewa darasani kwa mapumziko. Walipoviona walipiga kelele za furaha, kila mmoja akakimbilia rangi aipendayo. Wazazi walikuwa bado wamesimama kiwanjani vikundi vikundi, wengine wakitabasamu kuwaona watoto walivyofurahi. Mwalimu akaja na jagi la juisi ya machungwa.

Nilijiambia niondoke. Gari lilikuwa pale nje. Lakini mbele yangu alikuwa amesimama mtoto wa kike, hajafika miaka minne, soksi moja imeshuka, ameshika kikombe cha njano kwa mikono miwili, na juisi imejaa hadi ukingoni hivi kwamba alikuwa anainamisha kichwa akifuate badala ya kukiinua. Midomo yake ilikuwa imekwisha kugusa.

Nikakinyakua. Nikaimwaga juisi chini. Nikamnyang'anya na mwenzake aliyekuwa karibu, na wa tatu, nikamwaga, nikatupa, kikombe kimoja kikapasuka kwenye saruji. Nilikuwa nasema kitu kwa sauti kubwa, sijui nini. Yule wa njano alinitazama, akatazama mikono yake mitupu, akaangua kilio, na kilio chake kikawashika wengine hadi kiwanja kizima kikawa kinalia.

Wazazi hawakusogea. Hawakunitukana. Walinitazama kama mnavyomtazama mtu aliyepatwa na jambo njiani, kwa huruma na kwa mbali kidogo, na nikamwona fundi cherehani anamvuta mjukuu wake taratibu, anamweka nyuma ya miguu yake.

Dada akaja akanishika kiwiko. Aliokota kikombe kimoja kilichokuwa kizima, akakifuta kwa upindo wa gauni, akamrudishia mwalimu bila kunitazama.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Unawatisha watoto."